Ua Lenye Pindo

Nilimcheka fundi picha mbele ya macho yake. Naanza na hilo kwa sababu yote yaliyofuata yalitokana na kicheko kile, na kwa sababu bado sijamwomba radhi ipasavyo.

Nilikuwa nimerudi Tarime baada ya kumaliza chuo, nikiwa na shahada, kamera ya mtumba na muda mwingi kuliko kazi. Nikajitafutia kazi mwenyewe: kupiga picha maua. Nilipiga maua ya kahawa, yanayotoka meupe kwa siku mbili tatu kisha yanageuka rangi ya chai. Nilipiga jakaranda, mikrismasi, maua ya maboga yaliyopanda mapaa ya mabanda ya mbuzi, na ua la tumbaku, ambalo hakuna mtu aliyewahi kuniambia kuwa ni zuri, wakati ni zuri kweli. Kadiri nilivyopiga ndivyo swali moja lilivyozidi kunikaa kichwani. Mji umejaa miti inayochanua. Kwa nini mtu anayetaka picha nzuri ya harusi au ya mahafali anaupita mti wenyewe, anaingia studio, na kusimama kando ya maua ya plastiki yenye vumbi?

Niliuliza watu. Muuza nyanya mmoja aliniambia jakaranda inadondosha wadudu. Mwenye duka la simu alisema ua la plastiki halikuangushi, leo na kesho liko vilevile. Majibu yote mawili yalikuwa na akili lakini hayakuniridhisha. Nilipomrudia yule wa simu mara ya tatu alichoka, akaninyooshea kidole nyuma ya soko. "Nenda kamuulize yule mzee. Amepiga picha tangu wazazi wetu hawajaoana."

Mzee mwenyewe nilimkuta amekaa kwenye mlango wa studio yake, kofia ya kitambaa kichwani, anasafisha lenzi kwa pindo la kanzu. Wazazi wake walitoka Ujiji, yeye akazaliwa hapahapa Tarime, na siku hizi kazi yake kubwa ilikuwa picha za vitambulisho.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba. Pasipoti saizi ngapi, nne au nane?"

"Sikuja kupiga picha. Nina swali."

"Maswali kwangu ni bure, ndiyo maana hayana kiti. Uliza umesimama."

Nikauliza. Aliinuka, akaenda kwenye kona palipokuwa na jenereta limefunikwa turubai kuukuu, akalivuta lile turubai, akalikung'uta na kulitundika kwenye misumari miwili ukutani. Halikuwa turubai. Lilikuwa pazia la studio, la kitambaa kizito, limechorwa mti kutoka ukingo wa chini hadi juu.

Hapo ndipo nilipocheka. Shina lilikuwa shina la kawaida, lakini matawi yalikuwa na maua ya kila namna. Ua la jakaranda liliota karibu na ua la kiazi. Ua la pamba la njano lilikuwa tawi moja na ua la kahawa. Maharage, mkrismasi, boga, alizeti ndogo kama kitufe. Nilihesabu aina ishirini na tatu. Na hayakusambaa kama maua yanavyosambaa mtini. Yote yalijipanga kwenye ukanda mmoja, usawa wa kifua hadi usawa wa kichwa cha mtu mrefu. Huko juu matawi yalikuwa na majani matupu.

"Mzee, huu ni mti gani?"

"Wewe uliyesoma niambie."

"Nimesoma mimea miaka mitatu. Hakuna mti duniani unaotoa ua la pamba na ua la jakaranda kwenye tawi moja."

"Miaka mitatu kujua hilo? Mimi nililijua siku ileile."

Nilitafuta kosa zaidi, maana nilikuwa na tabia hiyo na bado ninayo. Nikamwonyesha ua moja jekundu lenye kingo za njano. Petali zake zilikuwa nyembamba, zimejikunja kama karatasi iliyopitishwa karibu na moto, na zote zilitazama juu huku uso wa ua ukitazama chini. "Na hili umelichora kichwa chini."

"Nililichora nilivyoletewa."

"Uliletewa na nani?"

Alinitazama, kisha akasukuma kigoda kwa mguu hadi nilipokuwa. Nadhani hilo lilikuwa swali la kwanza alilolipenda.

Ujana wake, alisema, aliupitisha juu ya baiskeli. Alifunga kamera kifuani na pazia nyuma, akafuata minada, kutoka huku Tarime hadi chini Serengeti. Pazia la kwanza alilichora mwenyewe, maana alikuwa pia mchora mabango ya maduka. Alichora mti wenye shina na majani, basi. Siku ya kwanza mnadani mwanamke mmoja aliyevaa vizuri aliutazama mti, akakataa kusimama. "Nimevaa hivi nisimame kwenye mti usiozaa?" Akaenda kwao, akarudi na ua la maharage, akamwamuru aliweke. Fundi alikuwa na makopo ya rangi. Akaliweka.

Tangu siku hiyo akageuza iwe utaratibu. Aliyetaka picha alikuja na ua la kwao. Fundi alimsimamisha mbele ya pazia, akaweka alama ya chaki karibu na sikio lake, akamwondoa, akachora ua kwenye alama ile, kisha akamrudisha na kumpiga picha.

"Kwa nini sikioni?"

"Likipanda juu sana lenzi inalikata. Likishuka unaliziba na bega. Na pazia langu lilikuwa lazima liguse ardhi, ili vipimo visiharibike." Kweli, ukingo wa chini ulikuwa na madoa ya udongo, mwekundu wa huku juu na mweusi wa mbugani, umeingia kwenye nyuzi usitoke tena.

"Lakini picha zenu zilikuwa nyeusi na nyeupe," nikasema. "Kwa nini ulihangaika na rangi?"

"Binti, ningemchorea mtu ua la kijivu angekasirika, na mimi nampiga sura yake, sipigi ua. Akiliona ua lake na rangi yake, uso unafunguka. Ile rangi ilikuwa ya uso."

Nilimwuliza filamu za zamani ziko wapi. Paa lilivuja miaka mingi, alisema, akafungua sanduku siku moja akakuta zimeshikana zote kama ukoko wa ugali.

Nyumbani nilimkuta mama anachambua maharage. Nilimsimulia kama kichekesho: mzee wa nyuma ya soko na mti wake usiojua ni mti gani. Nilipofika pale pa mwanamke kuja na ua la kwao, mikono yake ilisimama juu ya ungo.

"Alikuwa anafika Nyambureti?"

"Alisema alifika Serengeti yote. Kwa nini?"

Mama alizaliwa Nyambureti, hukohuko Serengeti. Mama yake, yaani bibi yangu, alifariki mama akiwa na miaka kama sita, na mama akaletwa Tarime kulelewa na shangazi. Hayo niliyajua. Nisilolijua ni kwamba bibi aliwahi kupigwa picha moja. Ilikaa kwenye sanduku la mbao la babu, na mama alipokwenda kule likizo alilifungua akaitazama. Mwaka mmoja alifungua akakuta mchwa wamemtangulia. Hawakubakiza hata kona.

"Nyuma yake kulikuwa na mti," alisema mama. "Na ua moja hapa." Akagusa hewa karibu na sikio. "Ua jeusi lenye pindo jeupe, kama kanga iliyopindwa. Lile ua nalikumbuka kila kitu. Sura ya mama yangu siikumbuki. Naijaribu, inakuja sura ya shangazi. Sasa hiyo ni akili ya namna gani, kukumbuka ua ukasahau mtu?"

Niliuvuta ungo kwangu, nikaendelea kuchambua.

Asubuhi tulikwenda wote. Mama alimwamkia fundi, akasimama mbele ya pazia, akapitia maua moja baada ya jingine kama mtu anayetafuta jina lake kwenye matokeo ya mtihani. Alirudia mara mbili. Mara ya pili alitumia kidole.

"Halipo."

"Tazama tena dada, macho yanachoka."

"Hakuna ua jeusi hapa. Halipo." Kisha, taratibu zaidi: "Mwanamke wa Nyambureti, mzee. Pengine unamkumbuka."

Fundi alivua kofia, akaishika mikononi. "Dada, nimepiga watu wengi mno kule. Nikikuambia namkumbuka nitakuwa nakudanganya mchana kweupe."

Jioni ile mama hakuulizia chakula cha mtu. Nililaumu mdomo wangu. Kama nisingesimulia, angekuwa amekaa na ua lake kichwani kama alivyokaa nalo miaka yote, bila kulitafuta na kulikosa.

Ilinichukua siku mbili kuona jambo ambalo mpiga picha yeyote angeliona palepale, na bado naona aibu. Picha ya bibi haikuwa na rangi. Mama hakuwahi kuona ua jeusi. Aliona ua ambalo kamera ililigeuza jeusi. Nilirudi studio mbio, nikalipiga picha pazia lote kwa simu, na nikiwa bado nimesimama pale nikaiondoa rangi. Mti ule wa vichekesho ukatulia. Jakaranda na kiazi vikafanana. Ua la kahawa liling'aa peke yake. Na lile jekundu nililodai limechorwa kichwa chini likawa jeusi, na njano ya kwenye kingo ikawa nyeupe, nyembamba, imezunguka kila petali kama pindo.

Sikumkimbilia mama. Huenda wengine wangefanya hivyo. Lakini mtu aliyesubiri kitu maisha yake yote ukimwonyesha kitu kwa uso wenye furaha, atakiona hata kama hakipo. Nilikata vipande vya maua manane, yote bila rangi, nikavichanganya, nikakaa naye mlangoni.

"Unanipa mtihani?"

"Ndiyo."

"Nikifeli?"

"Utarudia darasa."

Akacheka, akaanza kupitisha kidole kwenye simu. La kwanza, hapana. La pili, hapana. Kwenye la tano kidole kilisimama, na kicheko kikamwisha usoni. Sikumwambia kama amefaulu. Kesho yake nilivichanganya upya, nikaongeza vingine viwili. "Usinichoshe," alisema alipolifikia. "Ni lilelile, na wewe unajua."

Bado nilikuwa na shaka moja, na sikumficha. Mimi ua la namna ile nilikuwa sijapata kuliona, wala kulisoma. Kama fundi alilibuni tu kujaza tawi, basi hakuna mtu aliyelileta, na kama hakuna aliyelileta, mama alikuwa anakumbuka brashi ya mtu, siyo ua la kwao. Mama alisikiliza hadi mwisho. "Mvua zikianza twende Nyambureti," alisema. "Nimechoka kubishana na wewe jikoni."

Tulikwenda mvua zilipokolea. Basi lilipita Kerende kwenye matope, likatushusha Mugumu, na kutoka hapo tukapanda pikipiki mbili hadi kwa mjomba. Mke wa mjomba alitupokea kwa vifijo, akamtania mama kwamba amenenepa hadi njia imemsahau. Kabla hajatupa maji nilimtolea simu na kumwonyesha ua, lenye rangi zake.

Alinitazama kama mtu anayeulizwa sufuria ni nini. "Hilo? Hilo si sumu ya ng'ombe? Tunaling'oa kila mwaka, linarudi."

Alitupeleka nyuma, kwenye uzio wa minyaa unaopakana na shamba la mtama. Lilikuwa limepanda uzio kwa ncha za majani yake, kila ncha imejiviringisha kwenye kijiti cha mnyaa kama kidole kinachoshika. Maua yalikuwa saba au nane. Na kila moja lilining'inia uso chini, petali zake zimejikunja kuelekea juu, kama mtu aliyeinama nywele zikapepea juu badala ya kushuka. Fundi hakukosea hata petali moja. Aliyekuwa kichwa chini ni mimi.

Nilianza kupiga picha, maana ndivyo ninavyofanya nikizidiwa. Nilipiga kwa karibu, kwa mbali, dhidi ya mwanga. Kisha nikashusha kamera, nikamwona mama. Alikuwa ameshika petali moja kwa ncha za vidole, anafuata ukingo wake wa njano, polepole, kama anavyokagua mshono dukani.

"Kumbe ni jekundu," alisema.

Mke wa mjomba hakuelewa. "Sasa ulitaka liwe la bluu?"

"Kumbe lilikuwa jekundu," mama akarudia, na safari hii hakuwa anamwambia yeyote.

Tulikata mashina matatu, tukayafunga kwenye gazeti lililoloweshwa. Tarime tulifika maua mawili yamelegea, moja likiwa bado zima, na hatukupitia nyumbani. Fundi alipolifungua gazeti aliangua kicheko kirefu. "Ndilo! Mwalimu wa mimea, tazama! Nani yuko kichwa chini?"

"Ni mimi, mzee."

"Sema kwa sauti, jenereta halijakusikia."

Akalitundika pazia, safari hii akihakikisha ukingo wake unagusa sakafu. Mama akasimama kwenye ua lake. Liliishia juu ya sikio, vidole vinne hivi juu zaidi ya mahali linapotakiwa kuwa. Nililiona hilo, na mama alinisoma usoni.

"Alinizidi urefu," alisema, kama mtu aliyepewa zawadi. "Mama yangu alikuwa mrefu."

Ingenitosha kunyamaza hapo. Lakini swali lilikuwa limeshapanda. "Mzee, wakija wanawake wawili na ua la aina moja? Ulilichora mara mbili?"

Fundi alijikuna shingo. "Hapana. Rangi ilikuwa ghali. Wa pili nilimwambia, ua lako lipo tayari, simama hapo."

"Kwa hiyo urefu ni wa yule wa kwanza. Na hatujui kama bibi alikuwa wa kwanza."

"Hatujui."

"Na kama wa pili alikuwa mfupi?"

Alionyesha kwa kidevu tofali lililokuwa linazuia mlango usijifunge. "Wafupi nilikuwa nawapandisha tofali."

Nilitamani kulimeza swali langu. Mama aliliangalia tofali, akaliangalia ua, akaniangalia mimi, na nilijiandaa kwa maneno ambayo ningestahili.

"Mrefu au mfupi," akamwuliza fundi, "wote walisimama hapahapa?"

"Hapohapo. Pengine pa kusimama hapakuwepo."

"Na ua lilikuwa linafika sikioni?"

"Lazima. Hiyo ndiyo kazi yangu."

"Basi nipe tofali."

Akavua kandambili, akapanda. Fundi alipiga magoti kwa taabu, akalisogeza tofali kidogo kushoto, akarudi nyuma, akafumba jicho moja. Ua lilikuwa karibu na sikio la mama kabisa. Aliniambia nipige mimi, maana yeye hayaamini tena macho yake. Nikaanza kumwambia mama atabasamu, fundi akanikatiza.

"Usimwambie mtu atabasamu. Mwonyeshe ua lake."

Nikalichukua lile ua moja lililobaki zima, nikaliinua kando ya lenzi, likining'inia uso chini, jekundu na pindo lake la njano. Mama akalitazama. Sikuhesabu, sikumwambia yuko tayari au hayuko. Nilibonyeza mara moja.

Picha niliitoa mara mbili, yenye rangi na isiyo na rangi. Ya rangi aliisifu, akaiweka mezani. Ile nyingine alitoka nayo nje, akakaa mlangoni pale alipokuwa akichambua maharage. Aliutazama mti, bega, pindo jeupe. Kisha akaweka kidole gumba juu ya sura yake mwenyewe, akaifunika yote, akakaa hivyo. Nilisimama mbele yake nikisubiri. Akakiinua kidole polepole, kama mtu anayeinua mfuniko bila kutaka mvuke umwunguze.

"Umemwona bibi?" nikauliza.

Hakuinua macho.

"Toka kwenye mwanga," alisema.